YAH: Malalamiko kuhusu rimu nilizouziwa na nilivyotendewa kaunta

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata dukani kwako. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa umebandikwa juu ya kaunta na mnaujua kuliko mimi, hivyo sitaueleza hapa.

Nilikuja kununua rimu za spoti za inchi 15 kwa ajili ya Toyota Vitz yangu. Kabla sijalipa nilimwandikia muuzaji wenu vipimo kwenye karatasi: matundu manne ya nati yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100, tundu la kati milimita 54.1, na tairi za 185/55, ili kimo cha gurudumu kisipishane na cha zile 175/65 za inchi 14 nilizokuwa natumia. Akanijibu niondoe wasiwasi, kwamba gari ndogo zote huvaa rimu moja. Nililipa shilingi 1,150,000 na risiti ya EFD ninayo.

Nilichofungiwa ni rimu zenye tundu la kati la milimita 73.1, bila pete za kuziba nafasi inayobaki, pamoja na tairi za 195/60 zilizoongeza kimo cha gurudumu kwa zaidi ya sentimita 3. Nikipakia watu nyuma, kila tuta tairi zinakwaruza fenda, na mshale wa spidi unasoma chini ya mwendo halisi. Barabara ya Morogoro, nikifika kilomita 80 kwa saa, usukani unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, na balansi mlifanya ninyi wenyewe. Rimu isiyoshikwa katikati na habu, yaani kitovu cha gari ambapo gurudumu hufungwa, hutegemea nati pekee kujiweka sawa, na hilo duka la rimu halipaswi kufundishwa na mteja.

Niliporudi, gurudumu likiwa limefunguliwa, niliiegesha rimu kwenye habu na kuingiza ncha ya kidole changu cha mwisho katika pengo. Kikapita. Muuzaji wenu hakutazama, aliwageukia wateja waliokuwa kaunta akasema kwa sauti, “Huyu mama ana Vitz, anataka vipimo vya ndege.” Watu wakacheka. Hata kabla ya siku hiyo, nilipopiga simu kuulizia pete, alinijibu kwamba pete ni urembo.

Bwana Meneja, nalirudia ili lisipite kama jambo dogo. Nimesimama mikono imejaa grisi, kidole changu kiko ndani ya pengo la rimu mliyoniuzia, na mtu aliyepokea fedha zangu ananifanya kichekesho mbele za watu nisiowajua. Kisha anavuta droo na kunirushia ile karatasi yangu ya vipimo, ikaanguka chini nikainama kuiokota. Karatasi hiyo ilikuwa imepigwa pini kwenye nakala ya risiti yenu. Alikuwa na namba zangu tangu siku ya mauzo, na akanifungia alichokuwa nacho stoo.

Siku ile ningeridhika na pete nne na tairi za kipimo sahihi. Sasa sizitaki. Nadai fedha zangu zote, gharama ya kurudishia rimu zangu za chuma, matengenezo ya fenda zilizokwaruzwa, na barua ya kuomba radhi iliyotiwa saini nawe mwenyewe. Nilikusudia kuwapa siku 14, lakini kwa kauli ile nawapa siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na baada ya hapo nitamkabidhi wakili. Risiti, picha za pengo na karatasi yenye tundu la pini yenu vyote ninavyo. Rimu zenu nimezifungua. Tumeni gari lenu mje kuzichukua, mkiwa na fedha zangu.

Ndimi,
Mteja wenu