Mheshimiwa Waziri, Tunaomba Skrubu Nne

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,
Dodoma.

Salamu kutoka Mwanza. Mimi ni mbunifu wa bidhaa za viwandani. Mama akiulizwa mwanawe anafanya kazi gani hujibu "fundi taa", nami nimeacha kumsahihisha, maana mezani kwangu kumejaa taa.

Kazi huzidi mbalamwezi ikiwaka. Siku hizo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa kuwa dagaa huifuata taa penye giza. Basi hupanda kutoka mwaloni na taa zao kwenye ndoo. Karabai ilikunywa mafuta usiku kucha, lakini fundi yeyote aliweza kuifungua. Wiki iliyopita nililetewa taa ya sola iliyozimika, kasha limegandishwa kwa gundi pande zote. Nililikata kwa msumeno wa chuma. Balbu nzima, swichi nzima, betri ndiyo imekufa. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa dukani anunue nyingine.

Kuna mbunifu mwenzangu mahali aliyechagua gundi, kwa sababu ni rahisi na inazuia maji. Mpira wa kuziba na skrubu nne huzuia maji vilevile. Nimezamisha taa zangu kwenye pipa usiku mzima (mbili za mwanzo zilijaa maji, sifichi).

Paneli nzuri hutoa umeme miaka 20 na zaidi. Betri ya taa inayowashwa kila usiku huchoka baada ya miaka michache. Ukiifungia kwenye kasha lisilofunguka, taa nzima inakufa nayo, kisha lithiamu, madini yaliyomo ndani ya betri, inaishia jalalani.

Mwaka jana niliomba zabuni ya taa kama hizi, nikashindwa kwa tofauti ya bei ya soda mbili. Kushindwa ni kawaida. Kilichoniuma ni kwamba fomu nzima haikuuliza popote kama betri inabadilishika.

Ombi langu ni hilo swali. Vifaa vya sola vinavyonunuliwa kwa fedha za umma vifunguke kwa bisibisi ya kawaida, betri itoke bila kuchomelea waya, na vipuri vipatikane wilayani.

Ile taa nimeitia betri mpya, kasha nimelifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mwenyewe anaifuata Jumamosi, giza likianza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mbunifu wa bidhaa, Mwanza