Msiondoe ukurasa wa mashairi siku za msiba

Mhariri,

Nchi ikichafuka tu, gazeti lako huondoa mashairi na chemshabongo ili picha za vurugu na matamko ya wanasiasa yapate nafasi. Sisi tunaofanya kazi ya ushauri nasaha kwa wafiwa tunaomba kurasa hizo zibaki, hasa siku hizo. Sababu tutazieleza kwa vipimo, kwa kuwa ushauri wa “jipeni raha” umejaa kila mahali bila kipimo hata kimoja.

Wakenya hawajavuta pumzi. Waandamanaji waliingia Bungeni 25 Juni 2024 na damu ikamwagika; Juni na Julai 2025 yakaja maandamano mengine na makaburi mengine; 15 Oktoba mwaka huo huo Raila Odinga akafariki, na kesho yake, mwili ulipofikishwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, baadhi ya waliokwenda kumlilia hawakurudi makwao. Msiba wa nyumbani ukiangukia juu ya msiba wa taifa, mtu hapati mahali pa kuuweka. Anafungua simu saa nane za usiku kutafuta habari ambayo hata akiipata haitamsaidia kitu.

Siku za mwanzo si ngumu sana kama watu wanavyodhani. Majirani wanapika, mikeka imetandikwa, watu wamejaa. Kazi inaanza mikeka ikikunjwa. Hapo ndipo jamaa humwambia mfiwa asafiri au aende harusini akachangamke, na ushauri huo hushindwa karibu kila mara, kwa sababu raha kubwa inadai hamu kwanza, na hamu ndiyo iliyokufa. Raha ndogo haidai hamu. Inadai mikono. Tunachowaambia watu ni hiki: chagua jambo la dakika 20 hadi 40, lenye mwisho wake, linaloshika mikono yote miwili au akili yote, na ulifanye saa ile ile kila siku, baada ya alasiri, kabla giza halijaingia. Usingoje ujisikie. Siku tatu za kwanza utafanya bila ladha yoyote, na wengi huacha siku ya pili wakidhani limeshindikana.

Simu ilale sebuleni, na saa ya kengele ya bei rahisi ichukue kazi yake ya kukuamsha. Kwenye WhatsApp zima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, maana picha ya maiti iliyotumwa na mtu wa kundi la mtaa huingia katikati ya picha za wanao na kukaa hapo. Taarifa ya habari moja ya jioni inatosha, kisha redio izimwe.

Mfano wa mikono ni kashata. Nazi moja kubwa iliyokunwa kwa mbuzi, kama vikombe viwili. Sukari kikombe kimoja. Maji nusu kikombe. Punje tano za iliki zilizotwangwa. Chumvi kidogo mno. Chemsha sukari na maji kwa moto mdogo mpaka yawe mazito na yavute uzi kwenye mwiko, ndipo utie nazi, iliki na chumvi, na usiache kukoroga. Mchanganyiko ukianza kuachana na sufuria, mimina kwenye sinia iliyopakwa mafuta, usawazishe unene wa kidole, ukate mshazari ungali moto. Ukisubiri upoe, utavunja vigae. Moto ukiwa mkali, sukari itaungua na kuwa chungu. Nazi ikiwa na maji mengi, haitashika, basi ikaushe kwanza dakika chache kwenye kikaango kikavu. Huwezi kukoroga kashata huku unatazama simu. Na zikiwa tayari ni nyingi kwa mtu mmoja, itabidi jirani apelekewe, na jirani hataacha kukaa kidogo.

Lakini dawa tunayoipenda kuliko zote haigharimu hata nazi. Ni kutunga ubeti mmoja wa tarbia: mishororo minne, kila mshororo mizani 16, yaani silabi 16, nane kabla ya pumziko la katikati na nane baada yake; vina, yaani silabi zinazomalizia kila upande, vya kati vifanane vyenyewe kwa vyenyewe, na vya mwisho vivyo hivyo. Ubeti mmoja kwa siku, basi. Kuhesabu mizani kwa vidole kunakula akili nzima; hofu ya kesho haipati pa kukaa. Anayeanza asitunge juu ya serikali wala juu ya marehemu. Atunge juu ya kitu kilichopo mbele ya macho yake, kikombe, paka, ndoo. Marehemu ataingia mwenyewe bila kuitwa.

Tuseme mtu ameandika “Kikombe kipo mezani, chai inatoa mvuke.” Upande wa kwanza ni sawa: ki-ko-mbe-ki-po-me-za-ni, nane. Upande wa pili una tisa: cha-i-i-na-to-a-m-vu-ke. Kosa hili ndilo la kila mwanafunzi, kwa kuwa m ya mvuke ni mizani kamili, kama m ya mtu na n ya nchi, ilhali mb ya kikombe haitengani na irabu yake. Badili “inatoa” iwe “yatoa” na mshororo umekaa. Baada ya nusu saa ya kufuta na kuandika upya, ubeti unaweza kutoka hivi:

Kikombe kipo mezani, chai yatoa mvuke,
Kiti tupu upenuni, kimekosa mtu wake,
Paka yupo mlangoni, alamba manyoya yake,
Nacheka kidogo ndani, machozi yasikauke.

Si ubeti wa kushinda tuzo. Ila mshororo wa nne unasema jambo ambalo wafiwa hushindwa kulisema kwa nathari: kwamba mtu anaweza kucheka na kulia kwa wakati mmoja bila kumsaliti aliyekufa. Wengi huacha kucheka kwa kuona aibu, hasa walio na ndugu aliyepigwa risasi. Wanaona kicheko ni kama kuwasamehe waliofyatua. Aibu hiyo haitoki kwa kuhubiriwa. Hupungua mtu anapokisoma kicheko chake kwenye karatasi, kina vina na mizani, na dunia haikuanguka.

Kina kikikataa, usilazimishe neno lisilo na maana. Geuza mpangilio wa maneno kwanza, kisha badili kina chote cha ubeti. Vina vya -ni na -ka vina maneno tele, ndiyo maana wanaoanza wavishike hivyo.

Mipaka ipo. Mtu asiyelala wala kula vizuri kwa wiki mbili, au anayesema afadhali afe, asipewe kashata na mizani peke yake. Apelekwe hospitali, au apige 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Nusu ukurasa wa mashairi ibaki kila Jumamosi hata kama Bunge linawaka. Pembeni chapisha kanuni za mizani kwa maneno yasiyozidi 60, na upokee ubeti mmoja mmoja, si shairi zima la beti kumi, maana mfiwa hana beti kumi. Na ubeti wenye mizani tisa msiutupe kapuni: uchapisheni na masahihisho yake, ili aliyeutunga apate cha kufanya alasiri ya Jumapili.

Wahudumu wa ushauri nasaha,
Mombasa