Mazoezi ya wazi Jumamosi

Wadau, habari za asubuhi. Jumamosi saa 10 jioni mtunzi wa dansi tuliyempokea kwa mwezi huu anatufungulia mazoezi ya kazi yake ya watu wawili. Bado iko jikoni, siyo onyesho, kwa hiyo tusitangaze mtaa mzima.

Jana nilichungulia. Wachezaji wanasimama mgongo kwa mgongo, wanashuka taratibu hadi sakafuni bila kushikana mikono, kila mmoja akimwachia mwenzake uzito. Mmoja akisita, wote chini. Muziki kauzima kabisa, anataka wafuatane kwa pumzi. Ile sehemu ya kutembea kwa magoti mimi naiona ndefu mno, na nimemwambia. Nanyi mkija semeni wazi, ndicho anachotuitia.

Kwa aliyeuliza kama watu wawili wanatosha kujaza jukwaa: mwaka 2021 Germaine Acogny, mwanzilishi wa shule ya dansi ya École des Sables kule Senegal, alicheza na Malou Airaudo, aliyekuwa mchezaji wa Pina Bausch, mtunzi wa dansi wa Ujerumani. Wawili tu, na wote walishavuka miaka 70.

Viatu mlangoni tafadhali, mchanga unaharibu zulia la plastiki tulilotandika na unakwaruza nyayo za wachezaji. Hakuna kurekodi, hata kipande kidogo cha status. Viti ni vichache ila mikeka ipo. Chai na vitumbua tunachanga elfu mbili mbili, mpeni mweka hazina.

Anayekuja aandike jina hapa chini kabla ya Ijumaa usiku.