Boti kuukuu: makaratasi kwanza, pesa baadaye

Mhariri,

Wanunuzi wa boti kuukuu hapa Marekani wana mtindo unaonikera: wanalipa leo, usajili watajua mbele ya safari. Ndugu na marafiki huniletea fomu zao niwasaidie kujaza, na mara nyingi naona shida ilishaingia siku pesa zilipotoka mfukoni. Karani dirishani hulaumiwa bure.

Tuanze na namba ya bodi, yaani namba ya kuitambulisha boti yenyewe. Boti za kiwandani zilizoundwa tangu Novemba 1972 zinatakiwa kuwa nayo nyuma, upande wa kulia wa tezi. Ina herufi na tarakimu 12. Tatu za mwanzo ni za mtengenezaji. Tano zinazofuata ni za boti yenyewe, na humo I, O na Q haziruhusiwi. Anayeandika O badala ya sifuri hapo anaombea usajili boti isiyokuwepo, na fomu itamrudia. Kuanzia Agosti 1984 namba hiyohiyo huwekwa pia mahali pa pili, pa kujificha. Kwa hiyo muuzaji aliyekwangua ile ya tezini kazi yake hajaimaliza. Ukiona imekwaruzwa, au haifanani na iliyo kwenye karatasi, usitoe hata dola moja.

La pili linaumiza zaidi. Wengi wakishikishwa cheti cha usajili huridhika kwamba boti ni yao. Lakini majimbo mengi hutoa pia hati ya umiliki, na hiyo ndiyo inayosema mali ni ya nani na kama kuna benki inayoidai. Deni likiwa bado limeandikwa pale, utahitaji barua ya benki kwamba limelipwa. Muuzaji akishapokea chake, nani atamfukuzia barua hiyo? Wewe.

Na kila jimbo lina mlango wake. California boti husajiliwa na idara ya magari. Texas ni idara ya mbuga na wanyamapori, na huko mashine ya kufunga nyuma ina hati yake peke yake, mbali na ya boti. Tela nalo unalipeleka ofisi ya kodi ya kaunti. Mtu ananunua kitu kimoja kwa macho, kumbe kisheria amenunua vitatu! Anayehama jimbo ana nafuu kidogo, kwani namba ya usajili ya alikotoka hutambuliwa kwa angalau siku 60.

Idara hizi nazo zina la kujibu. Maelezo yote haya wanayo, ila yameandikwa kana kwamba msomaji ameshanunua. Waweke ukurasa mmoja wa mtu ambaye bado hajalipa, wenye lugha nyepesi, ukitaja karatasi za kudai kwa muuzaji na mahali pa kuangalia namba. Gharama yake ni ndogo kuliko kurudisha fomu kila wiki.

Hadi hapo, nawashauri wasomaji wako wafuatane na muuzaji hadi dirishani, pesa zitolewe karani akishapokea makaratasi. Kama ofisi iko mbali, piga picha ya namba ya tezi na ya hati, uulize idara kwa simu kabla ya kulipa. Muuzaji asiyetaka hilo, mwachie boti yake.

Msomaji wako,
Texas