Anayenakili naye yuko darasani

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja aliandika humu kwamba mchoraji anayenakili picha ya mwenzake ni mwizi. Naomba nafasi nimjibu, maana mimi nanakili picha moja tangu Pasaka na sijaimaliza.

Ni mchora mabango, Majengo, Moshi. Miaka 19 nilichora vichwa kwenye kuta za saluni, mpaka mabango ya kuprinti yaliponimwagia unga. Sasa riziki yangu ni sura za marehemu. Desemba, watu wakirudi migombani, mtu ananiletea picha ya pasipoti iliyofifia, anataka babu akae ukutani sebuleni. Iliyonishinda ni ngozi. Penye mwanga nilichanganya kahawia na nyeupe, basi. Babu wa watu anatoka amepauka kama kapakwa majivu. Mama mmoja wa Kibosho aliitazama kazi yangu akauliza, "Fundi, huyu ni baba au mzimu wa baba?" Nikamrudishia nusu ya hela.

Picha ninayoinakili ni ya Juan de Pareja, mtu mwenye asili ya Afrika, aliyechorwa na Mhispania Diego Velázquez mjini Roma mwaka 1650. Yenyewe ipo kwenye makumbusho ya Metropolitan, New York. Mimi ninayo ya kuprinti, nimeipiga viboksi kwa penseli. Pareja alikuwa mtumwa wa Velázquez huyo huyo. Mwaka ule ule akaandikiwa hati ya uhuru, kwa sharti atumike miaka minne mingine (uhuru gani huo!). Baadaye naye akawa mchoraji.

Kahawia ya kopo siioni popote usoni pale. Kivuli cha shavu kimepakwa chepesi, chenye wekundu. Mwanga wa paji la uso umewekwa kwa rangi nzito. Na nyuma yake ni kijivu cha kijanikijani. Niliurudia uso mara nne kabla ya kugundua kwamba kosa liko kwenye ukuta: wangu ulikuwa wa njano, ukaimeza ngozi yote. Kwa kuitazama tu nisingelijua hilo, hata ningekaa mwaka mzima.

Tena msomaji huyo asiende mbali. Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, Dar es Salaam, kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, vijana wake walijifunza kwa kumuiga. Alifariki 1972, na mtindo wake unauzwa mpaka leo. Nao wezi?

Ila wanaoweka sahihi yao juu ya kazi ya mtu, hao namuachia awaseme. Yangu nimeifanya ndogo kuliko ya asili, ambayo ina kimo cha sentimita 81 hivi, na nyuma nimeandika ni nakala ya nani. Haiuzwi. Hata ingeuzwa nani angeinunua, wakati kola ya lesi bado inafanana na kitambaa cha meza?

Mchora mabango,
Majengo, Moshi