Barua kwa mwanangu Zuhura

Mwanangu kipenzi,

Hatujambo sote, na bibi anakusalimu. Tangu urudi bweni, maneno niliyokutupia siku ile nilipokukuta umekunja kiuno cha sketi ya shule mara tatu hayajanitoka moyoni. Nilisema umeharibiwa na katuni za Kijapani. Basi usiku nikaanza kuitazama mwenyewe ile Super Gals ya mwaka 2001 uliyoiacha kwenye simu yangu.

Huyo Ran Kotobuki nimempenda. Baba polisi, mama polisi, kaka polisi, hata mdogo wake wa kike anaota upelelezi. Nyumba nzima inamngoja avae sare, naye ana nywele za rangi, kucha ndefu na sketi fupi, maskani yake Shibuya, mtaa wa Tokyo. Baba yake alipofoka nikajisikia mimi. Lakini akiona mtu anaonewa barabarani, Ran haulizi mara mbili, anaingilia. Uaskari wa kwao umo damuni, ila hataki kuvalishwa kwa nguvu.

Nikatafuta habari za magyaru wenyewe, wasichana wa Kijapani wa mtindo huo wa Ran. Katika miaka ya 1990 wasichana wa shule, wale kogyaru, walikunja viuno vya sketi kama wewe, wakavaa soksi nyeupe pana zilizojikusanya vifundoni. Zisishuke, walizibandika miguuni kwa gundi. Gundi, Zuhura! Nguo wakinunua kwenye lile jengo la maduka liitwalo 109.

Kisha wakaja ganguro. Hao walijibabua ngozi kwa taa mpaka ikawa hudhurungi iliyokolea, wakapaka nyeupe machoni na midomoni. Na Wajapani wana methali yao, kwamba weupe wa ngozi huficha kasoro saba. Hapo nilinyamaza. Mimi nimekua nikiwaona shangazi zangu wakichubuka mashavu kwa mkorogo, wala hakuna aliyewakataza. Wasichana wale waliupa weupe kisogo, wakaitwa wachafu, wakaendelea kupiga picha zao na kucheka.

Nisamehe kwa neno "umeharibika". Halikuwa la haki.

Sketi ya shule iache ifike magotini, mwalimu wa zamu hana simile. Ila nguo ya Idi tutakwenda kwa fundi pamoja, urefu utasema wewe. Vipindi viko 52 na mimi nimefika cha 9. Vilivyobaki sivigusi mpaka ufunge shule.

Mamako