Barua ya wazi kwa wazazi wanaolea na kufanya kazi Dar es Salaam

Wanangu wapendwa,

Nawasalimu nyote mnaolea watoto huku mkihangaikia riziki katika jiji hili. Mimi ni mama mstaafu. Nimetumika katika ofisi ya utumishi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na fomu za likizo za watu wa rika lenu zilipita mikononi mwangu kila mwaka. Kwa wazazi wengi walio wema kabisa niliona jambo moja likijirudia: wanawapenda watoto wao kwa dhati, wanawatafutia usiku na mchana, kisha wanaahirisha kukaa nao mpaka ipatikane safari kubwa, ambayo kwa walio wengi haipatikani.

Nianze na mlioajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 zenye malipo, na inamkataza mwajiri kumfanyisha kazi katika siku hizo. Hiyo ni haki yenu, wala si hisani ya bosi. Lakini kumbukeni kwamba mwenye kauli ya mwisho juu ya tarehe ni mwajiri, na ratiba ya likizo hupangwa mapema. Anayekaa kimya hupangiwa Machi au Oktoba, watoto wakiwa darasani. Hushinda nyumbani peke yake, kisha Juni na Desemba, shule zinapofungwa, yeye yuko ofisini akiwaombea wenzake safari njema. Kwa hiyo msisubiri kupangiwa. Nendeni kwa afisa utumishi kabla mwaka haujaanza, mkiwa na kalenda ya shule mkononi, mtaje tarehe mnazozihitaji, na ikiwezekana mkubaliane kuzigawa siku hizo, nyingine Juni na nyingine Desemba. Ombi lenye tarehe, na lenye jina la mwenzako atakayeshika kazi yako, ni gumu sana kulikataa.

Hata hivyo likizo peke yake haitoshi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Mtoto anayepanda basi la shule saa 11 alfajiri, na mzazi anayeingia ndani saa 3 usiku baada ya foleni, wanaweza kuishi chini ya paa moja wiki nzima bila kusemezana lolote zaidi ya kuulizana kama madaftari yamesainiwa. Wazazi wengi hudhani Jumapili moja ya ufukweni italipa deni hilo. Hailipi. Nilikuwa nimekaa Coco Beach jioni moja, na jirani yangu alikuwa baba kijana na bintiye wa kama miaka sita. Binti alichambua sahani ya mihogo ya kukaanga mpaka akapata kipande kizuri, akakichovya kwenye pilipili kidogo, akamnyooshea baba yake. Baba alikuwa anaandika ujumbe wa kazini, akainua kidole kumwashiria asubiri. Mkono wa mtoto ulikaa pale mpaka ukachoka, akakila mwenyewe kipande kile akiwa amemgeuzia baba mgongo. Baba yule alikuwa amelipa nauli, amenunua mihogo na soda, na bado hakuwa ametoka na mtoto wake.

Simu hiyo ina namna yake ya kushughulikiwa. Waambieni wakuu wenu, kwa heshima na mapema, kuwa kuanzia saa 1 hadi saa 2 usiku hampatikani ila kwa dharura, na mkishasema, shikilieni. Anayeshindwa kufika nyumbani kwa saa hiyo na achague asubuhi ya Jumamosi. Kwenda na mtoto sokoni Kisutu au Tandale, yeye akichagua nyanya na wewe ukipatana bei, kutawapa mazungumzo ambayo hamtayapata mkiwa mmekaa mkitazamana sebuleni.

Kuhusu matembezi yenyewe, mtu hujikuna ajipatapo. Wapo watoto wa Kimara ambao hawajawahi kuvuka maji ya Kivukoni. Pandeni nao mwendokasi hadi Kivukoni, waoneni wavuvi na wachuuzi pale Soko la Feri, kisha mvuke kwa pantoni hadi Kigamboni na kurudi. Ni nauli ndogo na mtoto atasimulia mwezi mzima. Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kina nyumba za jadi za makabila mbalimbali, na huko mtaweza kumwonyesha mtoto nyumba ya babu yake ilivyokuwa. Wenye uwezo zaidi wana treni ya SGR ya kwenda Morogoro, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, na mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ninachowasihi ni kwamba msichukue mkopo wa kausha damu ili mpige picha Zanzibar mwezi Desemba, halafu Januari ada ya shule iwakute mikono mitupu. Ugomvi wa Januari nao watoto huusikia.

Nawafikiria pia mama lishe, dereva wa bodaboda na mwenye genge, ambao hakuna sheria inayowapa likizo. Kwenu siku bila kazi ni siku bila mboga, na sitajifanya sijui. Ila kila biashara ina saa zake za kupoa. Mama lishe anayewapikia watu wa ofisini anajua kuwa Jumapili hana wateja. Bodaboda anajua abiria hupungua saa 8 mchana. Saa hizo ndizo zenu.

Na yule dada anayewalelea watoto wenu, msimgeuze mbeba mabegi kila mnapotoka. Naye apumzike.

Mwisho, mume na mke kaeni pamoja mwezi huu, kila mmoja na tarehe zake za kazi, mchague siku. Mkishachagua, mwambieni mtoto. Ikilazimu kuivunja ahadi, mwelezeni sababu yenyewe, na hapo hapo mtaje tarehe nyingine na kuiandika ukutani anapoiona. Mtoto huvumilia tarehe iliyosogezwa. Kinachomvunja moyo ni kuambiwa kila mara, "Tutaenda siku moja."

Ni mimi mama yenu,
Mstaafu wa ofisi ya utumishi, Dar es Salaam